Pima Nyumba, Kisha Pima Mti: Mazungumzo na Watumiaji wa Bidhaa wa Kigoma na Ujiji Kuelekea Krismasi



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya mti wa Krismasi wa plastiki uliozidi kimo cha nyumba. Najua wapo watakaoliona jambo hili kuwa dogo. Mkoa unaokamua mawese na kuanika dagaa una mambo mazito zaidi ya vipimo: dumu lililobonyezwa, sado isiyojaa, gunia la lumbesa. Hayo tumeyasema na tutaendelea kuyasema. Lakini mwananchi anayelinda haki yake kwenye sado ya dagaa huweza kuipoteza dukani mwezi Desemba, kwa bidhaa anayoinunua mara moja katika miaka mingi, kwa fedha ambayo Januari itaulizwa iko wapi. Kwa sababu hiyo naomba mnisikilize.

Kisa cha msumeno

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa bado mwanafunzi, mama yangu mdogo, mkazi wa Manispaa yetu hii ya Kigoma/Ujiji, aliamua kununua mti mkubwa. Ukoo mzima ungekutana kwake. Alikuwa mwangalifu: alimwita fundi, akapima sebule kutoka sakafuni hadi kwenye dari, akapata mita 2.7. Akaagiza mti wa futi 8 kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam aliyempata kwa simu. Sehemu ya fedha ilitoka katika akiba ya sare na madaftari ya wanawe.

Boksi lilifika siku mbili kabla ya sikukuu. Tulipouunganisha mti, ncha yake iligonga dari na kupinda. Nyota haikuwa na pa kukaa. Mama mdogo alilaumu fundi aliyepima, fundi akalaumu dari, nami nikajitolea kumaliza ubishi: niliazima msumeno wa chuma, nikakata karibu sentimita 20 za nguzo ya chini. Mti ukaingia. Lakini matawi ya chini yalilala sakafuni, kitako hakikuishika vema nguzo iliyokatwa, na usiku wa mkesha mti ulianguka ukiwa na taa zake zinazowaka. Tunamshukuru Mungu kwamba mtoto aliyekuwa akicheza karibu nao alikuwa ameitwa kula.

Katikati ya Januari nilimkuta mama mdogo uani akipepea jiko la mkaa kwa kipande cha boksi lile. Pembeni mwa kipande hicho palikuwa na maandishi: sentimita 274. Futi 8 ni sentimita 244. Tuliuziwa mti wa futi 9 kwa jina la futi 8. Kosa halikuwa la fundi wala la dari. Mama mdogo alikuwa na haki kamili ya kuurudisha mti ule, na mimi niliikata haki hiyo kwa msumeno, kwa sababu tulipima nyumba lakini hatukupima mti.

Muuzaji simtaji, na sina hakika kama alidanganya au alikosea boksi. Ninachotaka kukisema leo ni kwamba kuna vipimo viwili, na mnunuzi anatakiwa kuvijua vyote viwili kabla hajalipa na kabla hajashika kifaa chochote cha kukatia.

Kipimo cha kwanza: nyumba

Chukueni tepu ya kupimia, ile ambayo mafundi wengi huiita futi. Pimeni kutoka sakafuni hadi sehemu ya chini kabisa iliyo juu ya mahali mti utakaposimama. Kama kuna boriti, pimeni hadi kwenye boriti. Kama kuna feni ya dari, tafuteni mahali pengine kabisa, maana panga la feni na tawi la plastiki havikai pamoja. Nyumba nyingi za zamani za Ujiji hazina dari, na mtu akitazama juu hudhani ana nafasi isiyo na mwisho hadi kwenye bati. Huyo naye apime hadi kwenye kenchi, na akumbuke kwamba Desemba ni msimu wa mvua: bati likivuja, maji yatashukia kwenye nyaya za taa.

Mkishapata urefu wa chumba, toeni urefu wa nyota au pambo la juu, ambao kwa kawaida ni sentimita 15 au zaidi. Kisha toeni sentimita 10 za nafasi, ili pambo lisiguse dari. Kinachobaki ndicho kimo cha mti mnaoweza kuununua. Kwa sebule ya mama yangu mdogo hesabu ilikuwa hivi: 270, toa 15, toa 10, inabaki 245. Mti wa sentimita 244 ungeenea. Wa sentimita 274 usingeenea kwa namna yoyote.

Baada ya kimo, pimeni upana. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa muuzaji hutaja urefu peke yake. Mti uliojaa matawi huwa na upana wa nusu ya urefu wake au zaidi. Mti wa mita 2.4 unaweza kuchukua mita 1.4 ya sakafu kila upande. Katika sebule ya mita 3 kwa mita 3.5, yenye makochi na kabati la televisheni, hiyo ni karibu nusu ya upana wa chumba.

Njia rahisi ya kuona jambo hili ni chaki na kamba. Kama upana wa mti ni sentimita 140, kateni kamba ya sentimita 70, mmoja ashike ncha moja katikati, mwingine azungushe chaki sakafuni kwa ncha ya pili. Liacheni duara hilo siku nzima. Tazameni watoto wanapitaje, mlango unafunguka hadi wapi, sinia la chakula litapita wapi wageni watakapokuwa wameketi kwenye mikeka. Duara likikanyagwa kila dakika, mti huo hauwafai, hata kama kimo chake kinafaa. Ipo miti myembamba iliyotengenezwa kwa ajili ya vyumba vya namna hiyo, iulizieni.

Jambo la mwisho katika nyumba ni stoo. Mti wa Krismasi hukaa sebuleni wiki mbili au tatu. Miezi 11 iliyobaki utakaa mahali pengine. Boksi la mti mkubwa huweza kuzidi urefu wa mita moja. Kama mahali pekee mlipo nako ni uvunguni mwa kitanda, pimeni uvungu pia.

Kipimo cha pili: mti

Wauzaji wetu husema futi. Maboksi mengi huandika sentimita. Nimewaandalia ulinganisho, nanyi mwaweza kuunakili:

Futi 5 ni sentimita 152.
Futi 6 ni sentimita 183.
Futi 7 ni sentimita 213.
Futi 8 ni sentimita 244.
Futi 9 ni sentimita 274.
Futi 10 ni sentimita 305.

Tazameni tofauti kati ya futi 8 na futi 9. Kwa mdomo ni neno moja tu. Kwa dari ni sentimita 30.

Muulizeni muuzaji maswali manne, na msione haya, kwa maana kuuliza si ujinga. Kwanza, urefu huo ni pamoja na kitako? Pili, upana ni kiasi gani matawi yakikunjuliwa yote? Tatu, mti una vipande vingapi, na uzito wake ni kilo ngapi? Nne, kama una taa zilizofungwa tayari, ni za volti ngapi? Muuzaji mwaminifu atafungua boksi au atasoma ubavuni. Anayejibu "ni mkubwa tu, utaupenda" hajajibu.

Msinunue kwa picha peke yake. Picha iliyopigwa kutoka chini huufanya mti wa futi 6 uonekane kama mnara. Ombeni picha ya ubavu wa boksi, mahali palipoandikwa vipimo, na muihifadhi kwenye simu. Kwetu Kigoma jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwa mnunuzi anayeishi karibu na Kariakoo. Yeye akikosewa hubeba boksi begani na kurudi dukani jioni ileile. Sisi tuko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Dar es Salaam. Nauli ya kurudisha boksi zito huweza kumkatisha tamaa hata mwenye haki. Basi kabla ya kutuma fedha, kubalianeni kwa ujumbe wa maandishi: ukija mti tofauti na ulioelezwa, nani atalipa usafiri wa kuurudisha?

Siku ya kupokea

Boksi likifika, someni kwanza maandishi ya ubavuni. Yakitofautiana na mlichoagiza, acheni hapo hapo. Pigeni picha, mpeni muuzaji taarifa siku hiyohiyo. Yakilingana, fungueni taratibu, msiyachane maboksi, unganisheni nguzo bila mapambo, kisha pimeni mti kwa tepu ileile mliyopimia nyumba. Kazi hii haizidi nusu saa.

Hifadhini risiti na boksi hadi sikukuu ipite. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ya mashine ya kielektroniki ni haki yenu, na kuidai ni wajibu wenu. Pale ambapo malipo yamefanyika kwa simu, hifadhini ujumbe wa muamala pamoja na maelezo ya muuzaji kuhusu bidhaa.

Haki inaanzia wapi na inaishia wapi

Sasa naomba niseme kwa uwazi, kwa sababu wapo wanaodhani sheria inamlinda mnunuzi katika kila jambo, na wapo wanaodhani haimlindi katika lolote.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaweka sharti kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji. Kwa hiyo ukiagiza futi 8 ukaletewa futi 9, au ukauziwa futi 7 ambayo tepu inasema sentimita 180, una haki ya kuikataa bidhaa hiyo. Tangazo la ukutani lisemalo "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" haliwezi kufuta haki hiyo.

Lakini ukiagiza futi 9, ukaletewa futi 9 nzuri isiyo na kasoro, kisha ukagundua kwamba dari lako ni mita 2.6, kosa ni lako. Muuzaji anaweza kukubadilishia kwa hiari na ubinadamu wake, ila halazimiki, isipokuwa kama alikuahidi. Ndiyo maana nimetumia muda mrefu kueleza upimaji wa nyumba: kosa hilo hakuna ofisi itakayokurekebishia.

Tena haki ya kukataa bidhaa haidumu milele. Mnunuzi hupewa nafasi ya kuikagua. Akishaitendea kama mali yake, kwa kuikata, kuipaka rangi au kuitumia msimu mzima, huhesabiwa kuwa ameipokea. Anaweza bado kudai fidia, lakini hawezi tena kusema "chukua mti wako, nipe fedha yangu", na bila risiti hata fidia huwa vigumu kuithibitisha. Hapo ndipo mimi na msumeno wangu tulipomfikisha mama mdogo.

Mkiwa na lalamiko, anzeni na muuzaji mwenyewe, kwa lugha ya staha na kwa maandishi. Asiposikia, suala la kipimo lifikisheni Wakala wa Vipimo, suala la upotoshaji Tume ya Ushindani, na suala la taa zisizo salama Shirika la Viwango Tanzania.

Kama mti umekwisha kuzidi

Wapo hapa ambao tayari wana mti mkubwa kuliko chumba, na muda wa kuurudisha umepita. Msikate tamaa, na msikimbilie kukata.

Miti mingi mikubwa huja vipande vitatu. Jaribuni kuusimamisha bila kipande cha chini, mkiona kama nguzo ya katikati inaingia na kubana imara kwenye kitako. Ikicheza, msilazimishe kwa vijiti na matambara. Kama taa zimefungwa tayari kwenye mti, hakikisheni kwanza kwamba kipande kinachotolewa hakikatishi umeme wa vipande vingine. Waya usikatwe kamwe.

Kama tatizo ni upana, uwekeni mti kwenye kona na kukunja juu matawi yanayotazama ukuta. Mgeni hataona nyuma, nanyi mtapata nafasi ya kupita. Kama tatizo ni kimo kwa sentimita chache, ondoeni nyota na mfunge utepe kwenye matawi ya juu. Msiiache ncha ikisukuma dari la jipsamu.

Na kama hayo yote hayafai, fikirini mahali penye paa refu: kanisani, ukumbini, shuleni. Mama yangu mdogo hakuweza kufanya hivyo, kwa kuwa mti uliokatwa haufai popote. Mti mzima unaweza kubadilishwa na jirani mwenye sebule kubwa, nanyi mkapata mdogo na nyongeza ya fedha.

Usalama wa mti mkubwa

Mti mrefu huanguka kwa urahisi kuliko mfupi, na upepo wa ziwani ukiingia mlangoni alasiri hauulizi. Ufungeni. Uzi wa nailoni wa kuvulia, ambao kila duka la vifaa vya uvuvi Kibirizi na Ujiji linao, ni mwembamba usioonekana na una nguvu ya kutosha. Fungeni nguzo kwenye misumari miwili imara ya ukutani, juu ya kimo cha mtoto.

Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Taa zilizoandikwa volti 110 au 120 msizichomeke. Gusa waya baada ya dakika kumi. Ukiwa wa moto, zimeni. Msirundike taa za mti, friji na televisheni kwenye ekstensheni moja nyembamba. Mnapokwenda kulala au kwenda kwenye ibada, zimeni.

Umeme ukikatika, msiweke mshumaa wala kibatari juu ya mti au karibu nao. Plastiki ya matawi huyeyuka, hudondoka ikiwaka, na moshi wake una sumu. Moto ukitokea, toeni watu kwanza, kisha pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kumalizia

Ndugu zangu, mji huu una kumbukumbu nzuri ya kitu kikubwa kilichopimwa vema. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari, ikafikishwa hapa Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Meli yenye urefu wa mita 70 na ushei ilifika kwenye ziwa lisilo na njia ya bahari, kwa sababu waliojua ukubwa wa kila kipande walijua pia ukubwa wa njia kitakamopita.

Sisi tuna mti mmoja na mlango mmoja. Tunashindwaje?

Kwa ufupi, mkumbuke haya: pimeni dari, mtoe nyota na nafasi, choreni duara sakafuni, someni sentimita kwenye boksi, si futi za mdomo, hifadhini risiti, pimeni mti kabla ya kuupamba, na msikate kitu ambacho bado mna haki ya kukirudisha.

Mama mdogo alinunua mti mwingine baada ya miaka miwili. Ni wa futi 6. Aliupimia dukani mwenyewe, muuzaji akicheka, wateja wakisubiri. Sare za Januari zilinunuliwa kwa wakati.

Nawatakia sikukuu njema, majumba salama, na mwaka mpya usio na majuto.